Uvimbe Ukiisha, Kazi Haijaisha

  

Jioni ya leo nazungumzia watoto wetu wanaougua saratani, wakatibiwa, wakapata nafuu ya kumfurahisha kila mtu nyumbani, kisha ugonjwa ukarudi, tena ukarudia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Najua ni jambo zito kulisikiliza saa hizi, wengine mko mezani. Naomba tuvumiliane, kwa sababu nina neno moja ambalo kila mzazi na kila jirani akilishika linaweza kuokoa mtoto. Neno lenyewe ni hili: uvimbe kuisha siyo ugonjwa kuisha, na ile sindano ya mgongo inayoogopwa sana ndiyo inayomlinda mtoto asirudiwe kichwani.

Saratani ninayoisema inaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kinga ya mwili, na huwapata zaidi watoto wadogo, walio chini ya miaka kumi, wavulana kuliko wasichana. Mzazi huona taya la mtoto limefura. Meno yanalegea kabla ya umri wake, si moja, ni mawili matatu kwa pamoja. Kwa mwingine jicho linatokeza nje. Kwa mwingine tumbo linakua huku mikono na mapaja yakikonda. Na wapo wanaoanza kwa miguu kuishiwa nguvu, mtoto aliyekuwa akikimbia ufukweni sasa anabebwa. Ugonjwa huu una kasi ya kutisha. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe uliouona mdogo Ijumaa hii, Ijumaa ijayo umejaza shavu zima.

Lazima niseme wazi kwamba huu ni ugonjwa wa kwetu, na elimu yake imeanzia kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt kutoka Ireland, aje amtazame mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Akaanza kutafuta kumbukumbu, akapima, akapiga picha, na mwaka 1958 akaandika juu yake. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari lililokwisha kutumika kwa pauni 250, wakasafiri maili zipatazo 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali: je, mnawaona watoto hawa?

Majibu waliyoyapata yalichora ramani. Penye joto na mvua ya kutosha, kando ya maziwa na pwani, watoto walikuwepo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hawakuonekana. Ukanda ule ulikatiza Afrika ya kati, ukateremka na pwani ya mashariki hadi kusini mwa Msumbiji. Pwani yetu hii ya Dar es Salaam, na Kimbiji yake, imo ndani ya ukanda ule.

Joto na mvua peke yake havileti saratani. Vinaleta mbu, na mbu huleta malaria, lakini malaria nayo haiko peke yake. Mwaka ule ule wa 1961 Burkitt alikwenda London akatoa mhadhara, na aliyemsikiliza kwa makini alikuwa mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Kirusi hicho huenezwa kwa mate, na watoto wetu wengi hukipata wakiwa bado wadogo sana bila kudhurika. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake inachokozwa na kuchoshwa, na hapo chembe zenye kirusi hupata nafasi ya kuharibika. Kule Mara, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, daktari Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati na wenzake waliwagawia watoto klorokwini ili kupunguza malaria. Saratani hii ilipungua katika miaka ile, ingawa wenyewe walikiri kwamba ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa. Kwa hiyo chandarua unachokifunga juu ya kitanda cha mwanao kinamkinga na malaria leo, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba kinamkinga pia na hili ninalolisema.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mazungumzo. Kwa nini ugonjwa unarudia kichwani?

Limfoma ya Burkitt inasikia dawa upesi. Mtoto akianza kupata dawa za saratani kwa dripu, uvimbe huyeyuka mbele ya macho ya mama yake, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Huyeyuka haraka kiasi kwamba madaktari humpa maji mengi na dawa ya kulinda figo, maana mabaki ya chembe zilizokufa yanaweza kuzizidia. Lakini nyumba zetu za pwani zina baraza na zina chumba cha ndani. Mgeni hukaribishwa barazani, chumba cha ndani haingii. Dawa inayopita kwenye mshipa wa mkono huzunguka mwili mzima, ikaingia tayani, tumboni, kwenye ini, lakini ikifika kwenye ubongo dawa nyingi huishia barazani. Mishipa midogo ya damu inayolisha ubongo imebanana sana, haipitishi kila kitu. Mwenyezi Mungu ameuwekea ubongo ulinzi huo usidhurike na sumu. Tabu inakuja pale chembe chache za saratani zilipokwisha kupenya ndani, ama kwa njia ya damu, ama kwa kufuata mishipa ya fahamu kutoka usoni. Ulinzi ule ule sasa unazikinga zisifikiwe na dawa. Nje uso umenyooka, mtoto anacheka, anakula. Ndani, kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, chembe zinaendelea kuzaana.

Kampala walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1967 kilifunguliwa pale kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kikiongozwa mwanzoni na John Ziegler kutoka Marekani, na baadaye na Mganda, Charles Olweny. Waliona watoto wakipona uvimbe, wakarudi kwao, kisha baada ya wiki chache baadhi wanaletwa tena. Taya liko sawa, lakini kope moja imeanguka. Au mdomo umekwenda upande. Au mtoto anaona vitu viwili viwili. Wakipima maji ya mgongo, wanakuta chembe za saratani. Waliandika kwamba wengi wanaorudiwa mapema, ndani ya miezi mitatu hivi ya mwanzo, hurudiwa huku kwenye ubongo na mishipa ya fahamu.

Wakajaribu mionzi. Ilikuwa na maana kuijaribu, kwa sababu huko Memphis, Marekani, daktari Donald Pinkel na wenzake walikuwa wameokoa watoto wengi wenye saratani ya damu kwa kuunganisha mionzi ya kichwa na dawa ya mgongoni. Olweny na wenzake waliwachoma watoto wenye Burkitt mionzi ya kichwa na uti wa mgongo kama kinga, na mwaka 1977 wakaandika matokeo kwa uaminifu: haikuzuia ugonjwa kurudi kichwani. Njia nyingine waliyoijaribu tangu siku za mwanzo ilibaki, nayo ni kuipeleka dawa moja kwa moja ndani ya maji yale, kupitia mgongoni.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sindano ya mgongo. Naomba niieleze taratibu, maana hofu nyingi zinatokana na kutoelezwa.

Mtoto hupewa dawa ya maumivu au ya usingizi mwepesi pale inapopatikana. Hulazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, au hukalishwa ameinama. Mgongo wa chini husafishwa vizuri. Daktari huingiza sindano nyembamba kati ya pingili mbili za mgongo, chini ya pale unapoishia uti wenyewe wa fahamu. Mahali pale pana maji na nyuzi za mishipa zinazoelea ndani yake. Matone machache hutolewa yakapimwe maabara kuona kama yana chembe za saratani. Halafu dawa, mara nyingi methotrekseti, au sitarabini, huingizwa polepole, kiasi kidogo tu. Baada ya dakika chache kazi imekwisha, mtoto anabaki amelala kwa muda. Anaweza kuumwa kichwa siku hiyo, anaweza kutapika. Hayo huwa yanapita.

Mitaani kuna maneno kwamba mtoto akitolewa maji ya mgongo atapooza au atakufa. Maneno hayo hayakuzuka bure, tuyatendee haki. Kwa miaka mingi wazazi wetu waliona kipimo hicho kikifanywa kwa mtoto mwenye homa kali ya uti wa mgongo, amefikishwa hospitali akiwa hajitambui. Kipimo kinafanyika, na usiku ule mtoto anafariki. Anayeomboleza hukumbuka sindano, kwa kuwa aliiona. Bakteria waliomuua hakuwaona. Lakini kwa mtoto wa Burkitt mambo ni kinyume: kitakachompoozesha ni ugonjwa ulioachwa ndani ya maji yale, na sindano ndiyo inayoufuata huko huko.

Nalo hili lisemwe: sindano hii haipigwi popote. Katika dawa za saratani ipo ambayo inafaa sana ikipita kwenye mshipa wa damu, lakini ikiingizwa mgongoni kwa makosa inaua. Kwa sababu hiyo hospitali za saratani zina utaratibu mkali wa kuzitenganisha dawa hizo. Ukiambiwa mwanao lazima asafiri mpaka Hospitali ya Muhimbili kwa ajili ya sindano moja, usione unasumbuliwa. Unapelekwa penye mikono iliyofundishwa kazi hiyo.

Na je, faida yake imeonekana hapa kwetu, au ni habari za nchi za watu? Imeonekana hapa hapa, Ocean Road, mkabala na bahari. Profesa Twalib Ngoma, wakati ule akiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pamoja na madaktari wa Kenya na Nigeria, waliwatibu watoto na vijana 356 wenye limfoma ya Burkitt kwa utaratibu mmoja. Dawa zilikuwa tatu ambazo nchi zetu zinazimudu, siklofosfamidi, vinkristini na methotrekseti, na pamoja nazo sindano za mgongo. Aliyeshindwa kupona sawasawa, au aliyerudiwa mapema, alihamishiwa kwenye dawa za mstari wa pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 67 walikuwa hai. Baada ya miaka miwili, asilimia 62.

Nataka mnisikilize vizuri kwenye jambo moja kati ya waliyoyaona, kwa sababu linakwenda kinyume na tunavyodhani. Watoto waliokutwa na chembe za saratani kwenye maji ya mgongo tangu siku ya kwanza hawakuwa na hali mbaya zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Kilichowatenganisha watoto zaidi ni kama tumbo nalo limeshambuliwa au la. Maana yake, ugonjwa kufika kwenye maji ya ubongo ni jambo zito, lakini kwa mtoto anayetibiwa ipasavyo siyo hukumu ya kifo. Waliona pia kwamba mtoto mwenye uvimbe wa jicho ndiye anayefaa kuangaliwa zaidi, kwani uvimbe wa huko na ugonjwa wa kwenye maji yale vinafuatana. Na waliona kwamba baada ya mwaka mmoja, ni nadra ugonjwa kurudi.

Basi mwaka wa kwanza ndio wa kulindwa kama mboni ya jicho. Na ni mwaka huo huo tunaowapoteza watoto njiani.

Tumfikirie mama wa Kimbiji, mmoja wa wengi. Alfajiri anamfunga mtoto kanga, anatoka barabarani kusubiri daladala. Kutoka Kimbiji hadi Kigamboni Feri ni safari, na mvua ikinyesha ni safari zaidi. Pale anapanda pantoni kuvuka Magogoni, ng'ambo anapanda daladala nyingine hadi Muhimbili, ambako matibabu ya saratani za watoto yanafanyika siku hizi baada ya kuhamishwa kutoka Ocean Road. Dawa hatozwi, kwa jitihada za serikali na wafadhili, likiwemo shirika la Tumaini la Maisha. Lakini nauli ni yake. Chakula cha njiani ni chake. Watoto wengine amewaacha kwa bibi yao. Biashara ya kukaanga samaki imesimama. Baba yuko baharini, na bahari ikichafuka hakuna kinachoingia nyumbani.

Sasa dripu ya kwanza imepita, ya pili imepita. Taya limerudi. Mtoto anacheza rede na wenzake. Shangazi mtu anakuja anasema, jamani huyu si amepona, mnamtesa ya nini na masindano ya mgongo? Jirani anaitikia. Baba anauliza nauli ya safari hii itatoka wapi. Hakuna hata mmoja wao mwenye nia mbaya. Wote wanampenda. Na katika upendo huo, tarehe ya kliniki inapita. Inapita na ya pili.

Wapendwa, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko siku ile taya lilipovimba. Siku ile ya kwanza kila mtu aliona ugonjwa. Siku hii hauonekani, na dawa ya mgongoni ingekuwa inaukuta ukiwa bado mdogo.

Wakati mwingine mtoto hurudiwa hata kama hakukosa kliniki moja. Mzazi wa namna hiyo asijilaumu, wala asilaumiwe. Ila sote tuzijue dalili. Mtoto anaumwa kichwa hasa asubuhi na kutapika, wala hana malaria. Kope ya jicho moja inashuka. Anaanza makengeza ambayo hakuwa nayo, au analalamika anaona vitu viwili. Mdomo unapinda akicheka. Kidevu au mdomo wa chini unakufa ganzi. Miguu inalegea, au mkojo unaziba. Anapata degedege bila homa. Analala kupita kiasi, tabia inabadilika. Kwa mtoto aliyewahi kutibiwa Burkitt, dalili moja kati ya hizo inatosha. Usisubiri tarehe ya kliniki. Siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya, sema kwa sauti kwamba mtoto huyu alitibiwa saratani Muhimbili, onyesha kadi yake, omba rufaa.

Huku pwani, mdomo ukipinda wengi wetu tunasema ni upepo mbaya. Tunakwenda kusomewa, tunakunywa kombe, wengine tunapeleka kwa mganga. Dua ni haki ya kila muumini, wala simzuii mtu. Ninachoomba ni kwamba dua isomwe mkiwa njiani kwenda hospitali, au isomwe wodini. Kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, wiki moja ya kungoja ni muda mrefu mno. Sheikh anayeambiwa na mzazi kwamba mtoto huyu alishatibiwa saratani, na mganga vilevile, akisema "mama, mpeleke kwanza hospitali," atakuwa ametenda wema mkubwa.

Akifikishwa, kinafanyika nini? Maji ya mgongo yanapimwa tena. Sindano za mgongo zinaongezwa, mwanzoni zinaweza kuwa zaidi ya moja kwa wiki, mpaka maji yawe safi, kisha zinaendelea kwa nafasi. Dawa za dripu zinabadilishwa, kwa sababu chembe zilizorudi zimekwisha kuzizoea zile za mwanzo. Katika utaratibu ule wa Profesa Ngoma na wenzake, dawa za mstari wa pili zilikuwa ifosfamidi, etoposidi na sitarabini. Methotrekseti kwa kiwango kikubwa nayo hupenya hadi ubongoni, ila inahitaji maji mengi, dawa ya kuituliza, na maabara inayoweza kupima imebaki kiasi gani kwenye damu ya mtoto. Damu ya kuongezewa nayo inahitajika, hivyo ndugu mwenye afya anayekwenda kuchangia damu amekwisha shiriki katika tiba.

Nitasema ukweli wote. Anayerudiwa mapema sana, dawa zikiwa bado zinaendelea, ana kazi ngumu kuliko anayerudiwa baada ya miezi kadhaa. Kampala waliliona hilo tangu mwanzo: waliorudiwa kwa kuchelewa, wengi wao waliitikia dawa tena. Katika nchi tajiri, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto wenye limfoma za aina hii zilizosambaa sana, wakiongezewa dawa iitwayo rituksimabu juu ya dawa nzito, asilimia 94 hivi walifika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi, ukilinganisha na asilimia 82 ya wenzao wasioipata. Ni mafanikio makubwa. Lakini huko, mtoto akirudiwa, mara nyingi silaha zote nzito zimekwisha kutumika. Mtoto wetu aliyeanza na dawa nyepesi huenda bado ana dawa mbele yake ambazo ugonjwa haujazionja. Ndiyo maana nasema kumrudisha hospitali kuna maana. Asiambiwe mama kwamba basi, imekwisha, kabla daktari hajamwona mtoto.

Na ikitokea dawa zimeshindwa, kwa kuwa kwa baadhi zitashindwa, mtoto huyo bado ana haki. Maumivu ya saratani yana dawa, na mofini ya kunywa ipo na inatolewa kwa mtoto chini ya uangalizi. Mzazi aulize waziwazi: mwanangu asiumie, mtanisaidiaje? Swali hilo halina aibu, na wahudumu wa tiba shufaa wapo kwa ajili yake.

Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo kwamba ifikapo 2030, angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani duniani wawe wanapona, na limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizotajwa kwa jina katika lengo hilo. Tumekwisha kuona kwamba kwa dawa tatu na sindano ya mgongo, pamoja na dawa za mstari wa pili kwa waliozihitaji, Afrika ilivifikia viwango vya namna hiyo kwa ugonjwa huu. Lakini wale walikuwa watoto waliofika hospitali na kufuatiliwa. Aliyebaki nyumbani hayumo katika hesabu ile.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa nikiyamaanisha.

Kwenu wahudumu wa zahanati na mafundi wa meno: mtoto aliyelegea meno kadhaa na taya limefura, msing'oe mkamwacha aende. Mpeni rufaa siku hiyo.

Kwenu viongozi wa Kigamboni na Temeke, madiwani na wenyeviti wa mitaa: mna wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wapeni orodha ya watoto wanaotibiwa saratani katika kata zenu, kwa idhini ya wazazi na kwa kuheshimu siri zao. Mtoto akikosa kliniki moja, kuna mtu aende akabishe hodi. Na fungu la nauli litengwe. Nchi inayogharimia dawa za mtoto kwa miezi, kisha ikampoteza kwa kukosa nauli ya kuvuka Magogoni, imepoteza na mtoto na dawa.

Kwenu madaktari na wauguzi wetu, ambao najua mnachoka: siku uvimbe unapoisha, kaeni na mama dakika tano. Mwambieni, "Mama, tumefika nusu. Uvimbe umekwisha, ugonjwa bado. Sindano ya mgongo ni kwa ajili ya ule usioonekana." Aelezwe na baba. Aelezwe na bibi, kwa kuwa mara nyingi bibi ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani.

Na wewe msikilizaji ambaye hauguzi mtu. Kama mtaani kwenu yupo mtoto aliyekuwa amevimba taya na sasa amepona, kesho pita kwao. Msalimie mama yake. Muulize tarehe ya kliniki inayofuata ni lini, na nauli ipo au haipo. Ikiwa haipo, wachangie, wewe na wenzako wa kijiweni, wa kikoba, wa msikitini au wa jumuiya, mpaka mwaka ule wa kwanza uishe.